Alilala kwa Msusi

Jumatatu, 3 Machi

Fundi hajaja tangu Ijumaa. Dirisha la jikoni nimeliacha wazi siku zote hizi, na kilichoingia ni vumbi na nzi mmoja.

Niyaandike mambo kwa utaratibu. Kichwa kisicho na utaratibu ni sawa na sentensi isiyo na kitenzi.

Fundi ni fundi wa makochi. Mwaka jana nilimpelekea kiti changu cha kusomea. Akakivua kitambaa, akaitoa sponji iliyolala, akabadilisha springi mbili, akanirudishia kiti ambacho nikikikalia sitaki kuinuka. Nikampelekea cha pili, ambacho hakikuwa kibovu. Ndivyo tulivyoanza.

Miezi michache iliyopita aliniambia kwamba yeye ni mtu na pia ni paka. Hakusema kwamba hugeuka. Kwao, upande wa mama, wanasema "kupumzika". Ni kama mtu anayevua viatu akifika nyumbani. Nilidhani ananitania. Akaniomba nitoke chumbani kidogo. Niliporudi, shati lake lilikuwa sakafuni, na kwenye kiti changu ameketi paka wa kijivu, mkubwa, mwenye mvi kidevuni palepale fundi alipo na mvi.

Tangu hapo akija kwa mlango huja kwa miguu miwili, akija kwa dirisha huja kwa minne. Kisarufi hakuna tatizo. Fundi amelala. Paka amelala. Lugha ilikwisha kuamua kabla yangu.

Ameniomba tuoane. Nimemwambia nitamjibu siku atakaponiambia anakokwenda anapokosa kuja. Akasema, nikirudi si nimerudi, huko nilikotoka unakutakia nini? Ninakutakia mengi. Nina miaka sitini na miwili, na mume niliyemzika nilijua kila saa alipokuwa.

Nimeapa kutomwambia mtu habari za fundi. Ndiyo maana ninaandika.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja jioni, kwa mlango, na mkate chini ya kwapa. Nimemkumbatia. Shingoni ananukia mafuta ya nywele — na yeye nywele zimembakia juu ya masikio tu.

Ni yale mafuta ya waridi, ya kopo la zambarau. Kopo la namna hiyo nimeliona mahali pamoja: dirishani kwa msusi, ng'ambo ya ua wetu.

Nikamuuliza alikuwa wapi tangu Ijumaa. Akajibu, "Nilipumzika." Wapi? "Penye joto."

Kwani kwangu kuna barafu? Sikumuuliza hivyo. Nimekata mkate vipande vinene, nikavipaka siagi kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda saluni. Sikwenda kusuka. Nilisema nimekuja kuazima pini.

Msusi ana miaka hamsini hivi. Aliachika zamani na hakuonyesha kwamba alipungukiwa na chochote. Hucheka kabla hajamaliza kuchekesha. Amejaa, ana mikono laini kwa sababu ya mafuta, na kiti chake kikubwa kipo chini ya mashine ya kukaushia nywele. Penye joto! Nimeandika alama ya mshangao. Iachwe.

Wateja walikuwa watatu. Msusi anawasimulia: "Mbwa ya mlinzi ilibweka mpaka asubuhi, na kuku yangu moja imekataa kutaga."

Sikuvumilia. Nikamwambia: mbwa wa mlinzi alibweka, kuku wangu mmoja amekataa. Kilicho hai hupewa a-. Mbwa si meza.

Wateja wakajishika mbavu. Msusi akasema, "Haya mwalimu, siku nikimsuka huyo mbwa nitamwomba radhi."

"Umesema 'nikimsuka'," nikamjibu. "Hapo umepatia."

Wakacheka tena, sijui kwa nini. Mimi nilikuwa ninatazama aproni yake. Manyoya ya kijivu, kifuani. Mengi.

Nimesahau kuichukua pini.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilikuwa kiwandani, kunakochapwa vitabu. Tangu nistaafu kufundisha ninawasomea prufu siku tatu kwa wiki, na vijana wa pale wananiita Bi Koma, kwa sababu ya kituo kidogo na kwa sababu ya neno ninalowaambia wakizidisha mchezo.

Leo mpangaji wa kurasa amenijia na ukurasa mkononi. Ni hadithi ya watoto. Imeandikwa: "Baba alitoka asubuhi akarudi jioni." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Alikwenda wapi?"

"Bi Koma," akaniambia, "hii ni swali la sarufi au ni la nyumbani?"

"Hili," nikamwambia. "Hili ni swali."

"Hili basi. La nyumbani?"

Nikamwambia akome. Akaenda akikohoa, lakini hakikuwa kikohozi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka sokoni nikamkuta fundi kwenye kiti changu, amejikunja, amelala. Kwa miguu minne. Na shingoni amefungwa utepe.

Utepe mwekundu. Wa kufungia nywele za watoto. Umefungwa fundo la kipepeo, masikio mawili yaliyolingana, kazi ya mtu mwenye mikono iliyozoea.

Nimechukua mkasi. Amefungua jicho moja akanitazama ninavyoukata, hakujikunyata. Nilitaka ajikunyate. Nimeutupa utepe kwenye pipa la taka, kisha nikautoa nikautupa kwenye pipa la nje.

Nikatoka chumbani kama anavyotaka sikuzote. Hajawahi kuniruhusu nione anavyofanya. Nasikia tu mifupa ikilia, kama mtu anayejinyoosha baada ya safari, kisha vifungo vya shati.

Nilipoingia nikamuuliza jambo moja tu. Yule mwanamke, amekwisha kukuona?

Akasema, "Hajaona chochote usichokiona wewe."

Nimeikalia sentensi hiyo tangu mchana. Yaweza kuwa na maana kwamba hajui lolote. Yaweza pia kuwa na maana kwamba ameona yote niliyoyaona mimi. Ningekuwa mtahini ningemrudishia karatasi. Nikamwambia aeleze vizuri. Akasema amechoka kujibu mtihani kila akija, anataka siku moja aje tu.

"Kwa msusi huulizwi?"

"Kwa msusi nakunwa masikio."

Amekwenda zake. Hatukuagana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesikia kwa masikio yangu.

Asubuhi, uani, nilikuwa ninaanika shuka. Shuka zikinifunika, mtu wa upande wa pili hanioni. Msusi alikuwa anafagia mlangoni kwake, na mama mwenye duka la vyombo amesimama naye.

Msusi akasema: "Jana alilala kwangu tena. Kichwa hapa mapajani, hajali. Ukiacha kumkuna anakushika mkono aurudishe."

Mama wa vyombo akamuuliza, naye ameoga?

"Anaoga kuliko mume wako."

Wakachekana, wakapigana mabega.

Mtu mwingine angejifariji kwamba anasimulia habari za paka. Mimi nimefundisha ngeli miaka thelathini. Mwanamke huyu tangu nimjue hajampa mnyama a-. Mbwa ilibweka. Kuku imekataa. Panya imeingia kabatini. Leo asema: alilala, hajali, anakushika, aurudishe, anaoga. Mara tano, hakukosea hata moja.

Hasemi habari za paka. Asema habari za mtu.

Anajua. Amemwonyesha. Mimi natolewa chumbani kama mtoto wakati wa maongezi ya wakubwa, na msusi ameketi chini ya mashine yake ameshuhudia kila kitu, kisha anawasimulia majirani kwa viambishi sahihi.

Nikaibana shuka moja kwa vibanio sita.

Jumanne, 11 Machi

Nimefunga dirisha la jikoni. Nimetia komeo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alasiri.

Mdogo wangu amepiga simu. Yeye anajua kwamba nina rafiki fundi wa makochi, hajui zaidi. Nikamwambia kwamba rafiki yangu huyo ana mahali pengine pa kwenda. Akasema, "Dada, wivu ni kama surua. Usipoupata utotoni, ukubwani unakulaza kitandani." Nikamwambia mfano wake haufai, surua ina kinga. Akasema, "Haya, kachanjwe."

Kabla ya chakula cha jioni nilisikia dirisha likikwaruzwa. Kidogo. Tena kidogo. Nilikuwa mezani ninasoma prufu za kitabu cha ufugaji wa nyuki. Sikuinuka. Nilijiambia: aende penye joto.

Likakwaruzwa mara ya tatu, kisha kitu kikateleza, kisha kimya. Mvua tu.

Nimesoma ukurasa mmoja wa nyuki mara nyingi na sijui unasema nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita karakana kwa fundi. Imefungwa. Kwenye kibaraza kuna kochi la mtu, limetolewa kitambaa, springi ziko nje, limelowa. Fundi haachi kazi ya mtu kwenye mvua. Hajapata kufanya hivyo.

Seremala wa jirani yake ameniambia kwamba hajamwona tangu juzi. "Mwenye kochi alikuja akatukana mpaka akachoka. Mimi nilidhani mzee yuko kwako, mama."

Nikasema hayuko kwangu.

"Basi yuko kwa mwingine," akasema, akaendelea kupiga randa. Hakuwa na nia mbaya. Nilitamani randa imponyoke.

Ijumaa, 14 Machi

Ninajitahidi kuandika sawasawa.

Alasiri mlango umebishwa. Msusi, na aproni yake, anahema kwa ngazi. Nilimwacha mlangoni. Akasema:

"Mwalimu, samahani. Yule paka wa kijivu. Jumatano, kwenye mvua, nilimwona anaanguka kutoka dirishani kwako. Ameumia mguu wa nyuma, anachechemea. Nimemlaza kwangu. Nikafikiri labda ni wako, au unamjua mwenyewe."

Kutoka dirishani kwangu. Ukingo ule una kigae kinachoteleza, ninaujua.

Ningesema nini? Nimeapa. Na zaidi ya kiapo, nilikuwa ninamtazama usoni nikitafuta kejeli. Nilidhani amekuja kunicheka: nimemfungia nje, yeye kamwokota. Nikamwambia, "Paka hupanda popote. Simjui."

"Basi hana mtu," akasema, na uso ukamng'aa. "Maana mimi nimempenda sana. Kesho nampeleka kwa daktari wa wanyama. Amfunge mguu, na akimaliza amhasi kabisa. Dume akihasiwa hutulia, haendi tena kwenye madirisha ya watu."

Nikaushika mwimo wa mlango.

Hajui. Mwanamke huyu hajui lolote. Mtu hampeleki kuhasiwa paka anayemjua kuwa ni mwanamume — isipokuwa awe na sababu nzito kuliko za msusi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Naikiri hapa kwa sababu hakuna asomaye: kwa muda nilisahau kabisa kilichokuwa kikisemwa, nikafurahi tu.

Nikamuuliza: "Kwa nini unasema 'anachechemea'?"

Akashtuka. "Nimekosea? Si ndivyo? Paka anachechemea, si inachechemea?"

"Ni sawa. Lakini wewe husemi hivyo."

"Si wewe ulinitia aibu mbele ya wateja? Nikasema huyu mama hatanikuta tena. Nimekuwa ninajifunza naye huyu paka, jioni. Namwambia: wewe ni a-. Amekula, amelala, amejamba. Ukijifanya i- nitakunyima samaki." Akacheka. "Ananisikiliza kama mkaguzi wa shule."

Amekuwa akimfundisha ngeli. Naye fundi amekaa pale, akanisikia mimi katika kinywa cha mwingine, na hakunisimulia.

Nilipokwisha kukusanya akili, msusi alikuwa ameshuka. Nikamfuata bila viatu. Saluni imefungwa. Mama wa vyombo akaniambia kwamba amekwenda kulala kwa binti yake, ambaye yuko karibu na daktari, na amemchukua paka kwenye kikapu cha kifuniko.

Simu yake haipatikani. Fundi aliwahi kuniambia kwamba hawezi kuinuka, yaani kurudi mtu, akiwa amebanwa. Lazima apate mahali pa kunyoosha mgongo. Kikapu ni kikapu.

Daktari hufungua saa tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili na nusu nilikuwa kwenye ngazi za daktari, peke yangu, nimevaa gauni la kwendea harusini kwa sababu ndilo lililokuwa juu.

Chumba cha kungojea kina benchi moja refu, sakafu ya vigae, harufu ya dawa na manyoya mabichi. Palikuwa na mzee na kasuku wake, na dada mmoja na sungura ndani ya boksi la viatu. Msusi akaingia, kikapu amekipakata.

"Mwalimu. Nani mgonjwa?"

Nikamwambia, "Nimemfuata huyo. Ni wangu."

Neno nililitoa bila kulipima. Lilipokuwa nje ndipo nikaliona lilivyo. Mimi humwita "rafiki yangu". Kwa mdogo wangu, kwa seremala, hata kwake mwenyewe: rafiki yangu. "Wangu" huambiwa paka. "Wangu" huambiwa mume. Sikudanganya, sikuvunja kiapo. Ndani ya kikapu, kitu kilichokuwa kikikwaruza kikaacha kukwaruza.

Msusi akakikumbatia kikapu. "Wako? Jana ulisema humjui."

"Jana nilisema uongo."

"Wewe?"

"Mimi."

Kasuku akapiga mluzi. Mwenye kasuku akamfunika kwa kanzu yake ili asikose kusikia maneno yetu.

Msusi hakunikasirikia kama nilivyotaka anikasirikie. Angenitukana ningejua la kufanya. Yeye aliuliza tu, polepole: "Kama ni wako, kwa nini alikuwa nje kwenye mvua?"

Dada mwenye sungura alikuwa ananitazama. Sungura naye.

"Nilimfungia dirisha," nikasema. "Nilikasirika anakuja kwako."

Mabega ya msusi yakaanza kutikisika. "Mwalimu. Unamwonea wivu paka?"

"Ndiyo."

"Na gauni la harusi."

"Ndilo lililokuwa juu."

Akacheka mpaka kikapu kikaruka mapajani, kisha akalia, kisha sijui ilikuwa ipi. Daktari akatoka kuuliza nani anafuata na paka ni wa nani. Kijana mnene, miwani imejaa alama za vidole. Akasema, "Mama zangu, amueni, nina kasuku anangoja." Msusi akasema afunguliwe, achague mwenyewe. Akainua kifuniko.

Hakuchagua. Aliketi katikati ya kikapu, mguu ameunyoosha, akalamba bega. Hakunitazama mimi, hakumtazama yeye. Nilitaka ardhi ipasuke, immeze au inimeze.

Daktari ameufunga mguu bendeji. Haukuvunjika, umeteguka. Kuhusu lile jambo jingine nimesema hapana kwa sauti iliyomfanya mwenye kasuku ainuke.

Msusi amenipa kikapu. "Mchukue. Lakini nitakuja kumwona. Huwezi kunikataza, nimemfunga utepe mimi."

Nimembeba njia yote. Mzito. Nyumbani nikaweka kikapu sakafuni, nikakifungua, nikaelekea mlangoni ili nitoke, kama sikuzote. Kikapu kikalia. Nikageuka. Alikuwa amejiburura mpaka kwenye zulia, anakaza mgongo, na ananitazama. Hakungoja nitoke.

Sitalieleza lote. Katika Kiswahili tunasema alikuwa, tunasema akawa. Alikuwa paka. Akawa fundi. Kati ya maneno hayo mawili mimi sikuwahi kujua kwamba kuna nafasi, na leo nilikuwa ndani yake, nimesimama na mkoba mkononi. Si jambo la kutisha. Linauma, nadhani, kidogo. Masikio ndiyo ya mwisho.

Nimempa blanketi. Akasema, "Umesema wangu."

Nikasema, "Kunywa maji."

Jumapili, 16 Machi

Ningependa jana iwe mwisho. Haikuwa.

Asubuhi, mguu umewekwa juu ya mto, fundi amesema anataka kumwambia msusi.

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Amesema mwanamke yule alikesha naye usiku wa mvua, alimpa kitanda chake akalala yeye kitini, na analia kwa ajili ya kiumbe ambaye hayupo. Amesema, "Namlia chakula chake kwa uongo. Siwezi kumwoa mtu mmoja na kumdanganya jirani yake."

Nimesema maneno mengi. Mengine nisingeyapitisha kwenye prufu. Kwamba siri ile ndiyo kitu pekee nilicho nacho ambacho msusi hana. Kwamba yeye ana kicheko, ana mikono, ana mashine ya joto, ana wateja wa kumsikiliza. Mimi nina hiki kimoja. Jana tu nimekipata kizima, leo nikigawe?

Hakubishana. Akasema, "Mimi sikukuambia siri ili uwe nayo. Nilikuambia ili uwe nami."

Sentensi ile haina kosa. Nimeitafuta.

Nikamuuliza, je, nikikataa? Akasema nikikataa hatamwambia. Atabaki paka kwake na mtu kwangu, na hatanilaumu. Ila ataendelea kwenda, na nisimuulize.

Sasa ni saa kumi. Msusi amekuja. Amebisha, akaita kabla sijafungua: "Mwalimu, yupo?"

Yupo — nani? Mwenyewe hajui alichouliza. Nikajibu, "Yupo. Amelala. Keti kwanza."

Ameketi sebuleni, kwenye kiti changu, si penginepo. Ameleta kopo la samaki na utepe mpya, wa buluu. Nimemwona akipapasa kitambaa cha kiti. "Kazi nzuri," ameniambia. "Fundi gani huyu? Na mimi vya saluni vimekufa." Nimesema nitamtafutia.

Fundi yuko chumbani, mlango umerudishwa. Alipomsikia akaninong'oneza: "Ukiufungua kidogo, nitatoka wa kupita chini. Ukiufungua wote, nitatoka mimi. Vyovyote sitasema neno." Shati lake ni safi, nililipiga pasi tangu asubuhi, kabla ya ugomvi. Nimeliacha kitandani karibu naye. Sijui kama amelivaa. Sijasikia vifungo.

Mimi niko jikoni. Nimesema ninachemsha chai, na kweli ninaichemsha, na huku ninaandika nimesimama. Birika halina haraka. Wivu haujaniacha, uko hapa hapa, chini ya mbavu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Sidhani kama utaondoka kwa sababu nimefungua mlango. Sidhani pia kama utaondoka kwa sababu nimeufunga.

Anaita. "Mwalimu, mbona kimya? Nije nikusaidie?"

Nimemwambia asiinuke.

Maji yanachemka. Nimetazama sinia, naona nimepanga vikombe vitatu. Sikumbuki kuvipanga. Kimoja naweza kukirudisha kabatini, hakuna atakayejua.

Sikirudishi. Lakini kile chenye ufa atanywea msusi.